Hodi Zote kwa Mkono wa Apendeki

Saa ya Kitongo ilikuwa alasiri. Watu wa Kisumu walikuwa wameshapiga hodi yao, wa Goma walikuwa wanangoja zamu, na katikati kambi nzima ya Kitongo ilisimama uwanjani, kila mtu ameinua mkono usawa wa kifua na kushika bangili yake kwa kidole gumba. Wilondja alipanda juu ya kreti mbele ya banda la mtambo wa hodi. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema tu, "Haya," na watu wakabonyeza.

Mara ya kwanza, wakanyamaza. Mara ya pili, wakanyamaza. Mara ya tatu wakaacha, maana ndivyo walivyolelewa: ukishapiga hodi ya tatu umemaliza, ukiendelea unamkosea mwenye nyumba.

Hawakungoja sana. Ng'ambo ya mto, mbali huko kwenye Gereza la Mwamba, mwanamke aitwaye Apendeki alikuwa ameguswa mara tatu kwenye kifundo cha mkono, ndani ya ngozi, mahali ambapo uzi mwembamba kuliko unywele ulikuwa umelazwa juu ya mshipa wa fahamu. Jibu lake lilirudi kwenye bangili zote kwa pamoja, miguso miwili myepesi. Karibu.

"Yupo," watu wakaambiana, na akina mama wakapiga vigelegele.

Juu ya mlingoti taa ya Mahakama ya Kanda ilipepesa, ikabaki kijani. Macho ya wengi yalikuwa huko kuliko mkononi. Maadamu Apendeki anaijibu hodi ya Kitongo kila siku kabla jua halijazama, mbele ya sheria yu hai na kesi yake iko wazi; na maadamu kesi iko wazi, watu wa Kitongo ni mashahidi, na shahidi harudishwi alikokimbia. Taa ikizimika, mashahidi wanakuwa wakimbizi wa kawaida. Malori ya kuwarudisha yalikuwa yameegeshwa upande wa pili wa daraja tangu masika, madereva wakipika na kufua nguo kama watu waliohamia.

Wilondja alishuka kwenye kreti akiisugua bangili yake. Apendeki alikuwa mke wake, na uzi ule alimtia yeye mwenyewe, juma moja kabla mkewe hajakamatwa. Kwa siku kadhaa sasa kulikuwa na jambo lisilompendeza: jibu lilikuwa linafika haraka mno, siku nyingine hata kabla hodi ya tatu haijakwisha. Kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango mkono uko kwenye komeo. Alimwambia Mama Alimasi, mwenyekiti wa kampeni ya kumpigia Apendeki hodi, naye akamcheka. Alisema shemeji yangu umeanza kuzeeka, mke anakimbilia mlango kwa hamu ya mumewe na wewe unaleta malalamiko. Wilondja alicheka pia, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Akiwa bado anafunga mtambo, alisikia kelele kutoka kibanda cha wageni wapya.

*

Walikuwa wamemkamata mtu kwa shati. Mwanamke mmoja alikuwa amemtambua: huyu ndiye aliyekuwa anabeba funguo pale Mwamba, huyu, na sauti yake laini hiyohiyo. Mwingine alikuwa ameshika mpini wa jembe. Mtu mwenyewe hakuomba msamaha wala hakukana. Jina lake Kashindi, alisema, na kweli alikuwa askari wa gereza, na wangemfanya watakalo, ila kwanza amwone mume wa Apendeki.

Wilondja alimshika mkono akamwingiza bandani na kufunga mlango. Akampa maji. Hakumpa kwa huruma. Mtu mwenye koo kavu husema mafupi, naye alitaka amsikie mpaka mwisho.

Kashindi alikunywa, akaketi juu ya ndoo, akautazama mguu wake uliovimba kwa safari.

"Wewe ndiye uliyemtia uzi?"

"Ndiye mimi."

"Basi waambie watu wako waache kupiga hodi."

Wilondja alikaribia kucheka. Wakubwa wa ng'ambo walikuwa wamejaribu kuizima kampeni kwa matangazo, kwa mawakili, kwa kukata mawimbi. Sasa wameleta mtu mwenye mguu mbovu.

"Wamekutuma hao?" akauliza. "Au umejituma?"

"Mkeo halali, bwana."

Alilieleza jambo kama mtu anavyoeleza kazi aliyoizoea, bila kulipamba. Zamani, Kitongo kilipokuwa kinapiga hodi peke yake, Apendeki alikuwa anaketi ukutani ameweka kifundo cha mkono shavuni, na hodi ikifika anatabasamu, mpaka askari wakamwonea wivu. Kisha kampeni ikakua. Bujumbura wakaingia, Kisumu wakaingia, Mombasa, Goma, Kampala, Lubumbashi. Ili mtambo usizidiwe, kila mji ukapewa saa yake. Hapo Kashindi alimtupia Wilondja jicho, kwa kuwa alijua ni nani aliyezipanga saa zile. Wilondja alizipanga kwa mkono wake, akajivunia. Vijana wa Kampala walijitolea kuchukua saa za usiku, wakafanya sherehe kuzipokea.

Kila mtu alikuwa na adabu. Kila mtu alipiga hodi mara tatu akaondoka. Lakini mtambo haukuwa na mikono ya kutenganisha watu. Hodi za mji mmoja uliziunganisha, ukazipeleka kama mguso mmoja wenye uzito wa wote. Mwanzoni ulikuwa kama kuguswa na mtoto. Sasa, kila mji ulipofika, bega zima la Apendeki liliruka, na kabla halijatulia mji mwingine umeshafika mlangoni.

"Mbona anajibu?" Wilondja alisema. "Angenyamaza hodi moja tu tungejua kuna tatizo."

"Hajui ipi ni yenu. Zote zinafanana. Akinyamazia moja, huenda ndiyo ya taa." Kashindi alifuta mdomo. "Anajibu zote. Siku hizi anajibu hata zisipokuja."

Walipougundua ule uzi, aliendelea, daktari wa gereza alitaka kuutoa. Mkuu wa gereza akamzuia. Alileta kiti, akakiweka kwenye korido, akaketi akimtazama Apendeki asubuhi nzima. Alipoinuka alisema aachwe hivyohivyo, asiguswe na mtu yeyote, maana hawa ndugu zake wanaifanya kazi yetu, tena kwa mapenzi. Baada ya hapo maboksi yakaanza kupita stoo ya gereza kwenda nje ya nchi. Kashindi aliyabeba mwenyewe. Yalijaa bangili, za rangi zote, za bei ya pipi.

Mkono wa Wilondja uliacha kuchezea bisibisi. Yeye alikuwa ametengeneza bangili za kambi tu, moja moja, kwa mabaki ya redio. Bangili zilipofurika masokoni kanda nzima, alimshukuru Mungu. Hakuuliza kiwanda kiko wapi.

"Maneno haya yote mtu anaweza kuyatunga," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Anaweza. Wewe ndiye fundi. Tazama."

Kulikuwa na njia ya kutazama. Uzi ulikuwa unapeleka pia mapigo ya moyo, na siku za mwanzo Wilondja alikuwa analala karibu na kioo cha mtambo ili aone moyo wa mkewe ukitembea. Hodi zilipozidi, aliifunga njia hiyo ili zipate nafasi. Sasa aliifungua. Mstari wa kijani ukajichora juu ya kioo, akaurudisha nyuma, siku baada ya siku.

Moyo wa mtu anayelala hushuka bondeni, hutambaa huko chini, kisha hupanda. Yeye aliyajua mabonde ya mkewe kama njia ya nyumbani. Humu hakuona bonde. Aliona meno ya msumeno, mengine nyuma ya mengine, mchana na usiku, na kwa kuwa saa zote alizipanga yeye, aliweza kuyataja kwa majina. Hili Kisumu. Hili Goma. Hili Kampala, walewale vijana wa sherehe.

Jino la Kitongo lilikuwa katikati yao. Halikuwa dogo kuliko mengine kama alivyotumaini.

*

Asubuhi alimkuta Mama Alimasi anachambua sombe, mboga ya muhogo, mbele ya hema, majani upande huu, vikonyo upande ule. Mumewe alifia ng'ambo, na watoto wake watatu walikuwa wamelala ndani, miguu imetokeza nje kwa sababu hema halikuwatosha tena. Wilondja alimwambia yote, na hakuficha habari ya maboksi.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi ya mikono. Kisha alisema kwamba kesi inasikilizwa baada ya mvua, si mbali, na kwamba mtu aliyevumilia mengi anaweza kuvumilia machache yaliyobaki. Wilondja akasema hilo ni la kumwambia Apendeki mwenyewe, na Apendeki hawezi kuulizwa. Mguso haubebi swali.

"Kwa hiyo unataka tuzime?"

"Nataka tuwazime wengine. Tubaki sisi tu, mara moja kwa siku, kama mwanzo. Mahakama inahesabu hodi ya Kitongo peke yake. Hizo nyingine ni za kumtia moyo."

Mama Alimasi alimtazama, uso ukalegea. "Kumbe ni hilo tu? Nenda kafunge, baba. Umenitia tumbo la kuhara bure."

Alifunga kabla ya chai. Mtambo wa Kitongo ndio uliokuwa mlango wa hodi zote, na mlango huo ulikuwa na geti moja, wenzo wa chuma wenye mpira wa baiskeli kichwani. Aliushusha, na mji uliokuwa zamu ukakatika. Hodi ziliendelea kuja lakini hazikupita. Hazikupotea pia. Mtambo ule haukujua kutupa hodi ya mtu. Wilondja aliuunda hivyo makusudi, kwa kuwa aliona ni dhambi mtu abishe mlangoni kwa moyo safi na hodi yake iende na upepo. Zililundikana nyuma ya geti, zikingoja.

Kashindi alikuwa kwenye ndoo yake ileile. Nje walikaa wanaume wawili wa kumlinda asitoroke, au asiuawe, ilitegemea umemuuliza nani.

Meno yalikoma kwenye kioo. Mstari ulitetemeka kama mtu anayengoja kupigwa, ukapanda kidogo, ukatetemeka tena. Baada ya hapo ulianza kushuka. Ulishuka polepole, ukasimama, ukashuka zaidi, mpaka ukafika chini kabisa na kuanza kutambaa.

Wilondja aliziba mdomo kwa mkono.

"Amelala," Kashindi alinong'ona, kana kwamba Apendeki alikuwa chumba cha pili na angemsikia.

*

Alasiri Kitongo walipiga hodi, na jibu halikuja.

Walitazamana. Mzee mmoja alisema labda mtambo. Wengine walitazama bangili zao, wakazipuliza vumbi. Wilondja alisema, "Haya," kwa mara nyingine, na watu wakabonyeza tena tatu, kwa aibu, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Kioo ndani ya banda kilionyesha vikunyanzi vitatu vidogo chini ya bonde. Apendeki hakugeuka hata upande. Usingizi wa miezi ulikuwa umemshika, na uzito wa Kitongo peke yake haukutosha kuutikisa.

Walipiga mara ya tatu. Mara ya nne hawakungoja hata kuambiwa. Jua lilikuwa limeshaanza kuchungulia chini ya paa za mahema, na kutoka darajani ilisikika injini ya lori moja ikiwashwa, ikakohoa, ikakubali. Nyingine ikaifuata. Madereva nao walikuwa na watu wao wa kuitazama taa.

Mama Alimasi aliingia bandani bila hodi yoyote.

"Mwamshe."

"Hasikii."

"Usinidanganye, Wilondja. Kuna hizo ulizozifungia. Nimeambiwa kanda nzima imelundikana humo tangu asubuhi. Fungua."

Kashindi alisimama kwa mguu mmoja. Alisema zote zikimwagika kwa pamoja juu ya moyo uliochoka hivyo, zitamwamsha, ndiyo, na huenda zisimwache.

"Wewe mshika funguo nyamaza," Mama Alimasi alisema bila kumtazama. "Leo ndiyo umejua kumhurumia? Ulikuwa wapi ulipokuwa unambebea maboksi?"

"Nilikuwa nayabeba, mama."

Mama Alimasi alimgeukia Wilondja, akaongea taratibu, na utaratibu wake ulikuwa mbaya kuliko ukali. Alimkumbusha ng'ambo kuna nini. Alimtajia waliorudishwa mwaka ule wa kwanza, kabla ya taa, na walikoonekana mara ya mwisho. Alisema nje kuna watoto waliozaliwa humu ambao hawajawahi kuuona huo mto. Alisema Apendeki mwenyewe alikwenda jela kwa ajili ya watu hawa, je, akiamka na kukuta hawapo, atamshukuru nani?

Kila neno lilikuwa kweli.

"Geti likifunguliwa Apendeki akafa," alisema Kashindi, "taa itazimika kesho. Na lisipofunguliwa, itazimika leo. Wale hawashindwi upande wowote. Mkuu alilijua hilo tangu alipokaa kwenye kile kiti."

"Siku moja ni siku," Mama Alimasi alisema. "Kwa siku moja watu wanaweza kutawanyika porini. Na labda asife. Labda, Wilondja."

"Labda."

Alisimama mbele ya wenzo. Ule mpira wa baiskeli alikuwa ameuvisha yeye, ili chuma kisimkwaruze. Aliwaza kwamba mtu mwingine angejua la kufanya, mtu aliyesoma, au mtu mwenye imani, au mtu asiyekuwa mume wa huyu. Kisha alijua kwamba alikuwa anangoja tu jua limsaidie, na jua haliwezi kumsaidia mtu bila kumwaibisha.

"Mama Alimasi," akasema. "Mimi sifungui. Nimempigia mke wangu hodi miaka yote hii nikidhani nambembeleza. Siwezi kumpigia nyingine kama hizi. Ila wenzo ni huu hapa, na watoto ni wako. Ukitaka, vuta. Sitakushika mkono na sitakuchukia."

Akasogea pembeni.

Mama Alimasi aliushika wenzo. Aliushika vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu anayejua kuvuta maji kisimani. Macho yake yalipita juu ya kioo, yakarudi.

"Hapa ndipo alipo?"

"Hapo chini. Hilo bonde."

"Na huku?"

"Huko ndiko tulikokuwa tunabisha."

Aliyatazama yale meno kwa muda mrefu. Alinyosha kidole, akagusa moja.

"Hili letu?"

"Letu."

Injini zilikuwa nyingi sasa, huwezi kuzihesabu. Uwanjani mtu alikuwa anawahimiza watu wabonyeze tena, na walibonyeza. Kikunyanzi kikapita chini ya bonde, kikatoweka.

"Wewe," Mama Alimasi akamwambia Kashindi, bado amekipa kioo uso. "Siku zile alizokuwa analala. Alikuwa analalaje?"

"Kwa ubavu, mama. Ule mkono chini ya shavu."

Mama Alimasi aliachia wenzo. Alijifuta viganja kwenye kitenge, akakaza fundo la kilemba, akatoka nje. Wilondja alimfuata mpaka mlangoni, akamwona anapanda juu ya kreti kwa shida, akishikilia bega la mtu. Watu walipaza sauti. Wengine walitaka kujua mtambo una nini, wengine walikuwa wameshaanza kumtukana Wilondja na ukoo wake. Mwanamume mmoja alisema fundi amenunuliwa na yule askari.

Mama Alimasi alingoja, kisha akaweka kidole mdomoni, kama anavyofanya mtu mlangoni pa chumba cha mgonjwa. Walio mbele wakanyamaza kwa mshangao, na ukimya ukarudi nyuma safu kwa safu.

Aliwaambia yote. Hakutumia maneno mengi. Aliwaambia habari ya uzi, na ya saa za miji, na maboksi yalikotoka, na kilichomo nyuma ya geti. Aliwaambia pia ni nani aliyeshika wenzo mwisho, na kwamba ameuacha, na kwamba mwenye watoto na anayetaka kwenda kuuvuta apite, mlango uko wazi.

Wilondja alisogea kando ya mlango ili asionekane anauziba. Mwanamume aliyemtukana alipiga hatua mbili mbele. Alisimama hapo, akatazama bandani, akatazama darajani. Akaivua bangili yake, akaitia mfukoni.

Jua likagusa ardhi. Taa ya Mahakama haikulia wala haikupepesa. Ilizimika tu, kama taa yoyote.

Kule darajani malori yaliwasha taa zake. Mtoto mmoja akaanza kulia, kisha wa pili, na mwanamke mmoja nyuma kabisa akamwita mumewe kwa sauti kubwa, aje haraka, afunge mizigo, aje.

"Punguzeni sauti," Mama Alimasi akasema. "Kuna mtu amelala."

Nao wakapunguza. Watu wa Kitongo walikunja mahema yao kwa kunong'ona, wakafunga sufuria kwa vitambaa zisigongane, wakawabeba watoto mgongoni na kuwatuliza. Waliokuwa na nguvu za kukimbia porini walikwenda wamevua viatu. Wilondja alibaki mbele ya kioo, mgongo ukiwa kwenye geti, na taa za malori zilipoingia uwanjani na kumulika ukuta wa banda, mstari ulikuwa bado uko bondeni.